Jiwe la Kupeleka Kisiwani

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa uzito wa mawe kichwani. Karibu na Lokandu, pale mto Lualaba unapopanuka na kutulia kama ziwa, kuna kisiwa kidogo chenye msikiti wa udongo na makaburi ya masheikh wetu wa kale. Mto unakimega kila msimu wa mvua. Ndiyo maana kwetu hakuna anayekwenda kuzuru mikono mitupu: unabeba jiwe, unaliweka ukingoni, ndipo unaomba dua.

Vita vilipofika, wenye bunduki wakakataza watu kuvuka. Mvua zikanyesha, mawe hayakuenda, na kaburi la ukingoni likaanza kuning'inia juu ya maji. Shangazi yangu Mwajuma akajaza kitunga. Jirani akamwonya: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

"Kicheko gani," shangazi akajibu, "na mababu wanaenda na maji?"

Nilikuwa msichana bado. Nilimfuata kwa woga, sikufichi. Penye mitumbwi askari akatuzuia.

"Muto imefungwa, mama."

"Muto iko na mulango? Ufunguo iko wapi, mutoto wangu?"

Shangazi akatua kitunga chini; askari akakipiga teke. Mawe yakatawanyika matopeni. Shangazi akapiga magoti mbele ya buti lile lile, akaanza kuokota. Nami nikapiga magoti, na hapo woga ukaniisha, nikabaki na hasira tu. Wanawake waliokuwa wakifua wakaacha nguo zao wakaja kuokota nasi, hata Wakristo. Askari akatazama migongo yetu yote, akatema mate.

"Muende basi. Mukikufa, musinililie."

Tukajitwika mawe, tukavuka, tukayaweka ukingoni. Kaburi lile halijaanguka hata leo.

Sasa ninyi vijana mnafika kule na simu, mnapiga picha, mnasifu utulivu. Utulivu huo ulibebwa kichwani! Eti mnangoja serikali ilete saruji. Haya, ngojeni. Mimi magoti yamekwisha, na jiwe langu bado napeleka.

Nakuusia hivi: mtu akikwambia njia ya kwenda kwa wazee wako imefungwa, muulize ufunguo. Akimwaga ulichobeba, inama uokote, wala usione haya, maana anayepiga magoti kuokota chake hajashindwa. Mwacha asili ni mtumwa, na mimi sikulea watumwa.

Mungu akupe shingo ngumu, mwanangu, na jiwe lako lifike ng'ambo.