Aya Chini ya Wembe

Ijumaa asubuhi nilikuwa nangoja zamu yangu kwa kinyozi mmoja katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Mkongomani aliyetundika msalaba juu ya kioo chake. Kitini alikaa kijana Mwislamu akichongwa ndevu. Upande mmoja ulikuwa tayari. Kidevu juu, macho darini, akaanza kumsomesha mwalimu wa madrasa aliyeketi kando yangu.

"Maalim, Qurani imetukataza urafiki na Wakristo. Aya iko wazi kabisa."

Wembe ukasimama kooni.

"Ndugu," kinyozi akasema taratibu, "urafiki unanikatalia, lakini shingo unanipatia?"

Kijana akashika mikono ya kiti. Hata mate aliogopa kumeza.

Maalim akajipangusa jasho. "Aya hiyo ni ya wakati wa vita, inakataza kujiweka chini ya ulinzi wa wanaokupinga. Haikumtaja jirani yako. Tena iko nyingine: Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na haki watu wasiotupiga vita." Akamgeukia kinyozi. "Wewe umewahi kumpiga vita huyu?"

"Bado," akajibu kinyozi, akikung'uta povu kwenye wembe.

Wembe ukarudi kooni. Kisha sauti nyembamba ikatoka kitini: "Rafiki yangu, malizia tu."

Nimesikiliza mawaidha mengi Lodwar na Kakuma, na sijaona mtu akielewa aya upesi namna ile. Kwa hiyo naomba kila anayetaka kutufasiria maandiko kuhusu majirani zetu akakae kwanza kwenye kiti kile, kidevu juu.