Kitabu cha Siku za Kuzaliwa cha Neuenfelde

Makumbusho ya Neuenfelde, kijiji cha walowezi wa Kijerumani, yamo katika shule ya zamani ya usharika, vyumba viwili na baraza, katikati ya mashamba ya miwa ya Natal, Afrika Kusini. Hufunguliwa Jumatano na Jumamosi. Ufunguo anao Elfriede Rabe, ambaye hakuolewa, na ambaye alifundisha darasa la kwanza katika jengo hilohilo mpaka watoto walipokwisha. Chumba cha kwanza kina vinu sita vya kahawa, kwa sababu kila familia iliyohama ilileta chake na yeye hakujua kukataa. Baada ya kinu cha sita alijifunza.

Chumba cha pili ni cha kwaya ya tarumbeta. Matarumbeta kumi na moja yametundikwa ukutani, kila moja na namba yake. Namba 214 ni besi, tarumbeta kubwa la sauti nzito, alilopiga kaka yake Elfriede, marehemu Gerhard. Kitufe chake cha tatu hukwama. Chini yake, ndani ya kabati la kioo, kuna kitabu cha siku za kuzaliwa.

Mtu wa Neuenfelde alipotimiza miaka sabini, themanini au tisini, kwaya ilifika mlangoni kwake saa kumi na mbili asubuhi ikapiga nyimbo tatu. Mwenye siku yake alitakiwa awe usingizini. Hakuna aliyewahi kuwa usingizini. Watu walilala nywele zimechanwa. Lakini kufungua mlango kabla ya wimbo wa tatu kuisha ilikuwa aibu, na kuikumbusha kwaya siku yako ilikuwa aibu kubwa zaidi. Mkulima mmoja alifanya hivyo mwaka 1971 na mpaka leo anatajwa kwa hilo. Baada ya wimbo wa tatu wapigaji waliingia ndani, wakapewa kahawa na keki ya sinia, na katibu akaweka alama ya vema kitabuni.

Elfriede alipotimiza sabini walikuwa wamebaki wapigaji watano. Walipiga. Miaka miwili baadaye Gerhard alifariki na kwaya ikafungwa. Tangu hapo kila tarehe mosi Elfriede hufungua kabati, kwa glavu nyeupe, akageuza ukurasa. Mwezi huu wa Machi jina lake ni la mwisho chini ya ukurasa: Rabe, Elfriede, tarehe 12, 1946. Sabini, vema. Themanini, patupu.

Jumatano ya tarehe nne alikuja Zwelakhe Mchunu, fundi wa matrekta na kiongozi wa kwaya ya tarumbeta ya usharika wa Wazulu ng'ambo ya mto. Walizungumza Kizulu, lugha ambayo Elfriede aliijua kabla ya kujua kusoma.

"Mama Rabe, nimekuja tena."

"Nakuona. Jibu ni lilelile."

"Mbona sijauliza?"

"Uliuliza mwaka jana. Jibu halijaoza."

"Besi letu limetoboka, mama. Tumeliziba kwa gundi ya mabomba. Sasa linakohoa kama mzee wa tumbaku."

"Hili ni la makumbusho, Zwelakhe. Lina namba."

"Hata ng'ombe wangu wana namba, na wanakamuliwa."

Elfriede alicheka kabla hajajizuia. "Mnalitakia nini?"

"Tarehe kumi na tisa mama yangu anatimiza themanini. Tukimpigia mlangoni bila besi atafungua dirisha atuulize kama tumekuja kumwibia kuku."

"Kumbe na nyinyi mnapiga asubuhi?"

"Tulijifunza wapi, unadhani? Babu yangu ndiye aliyewashika farasi wa kwaya yenu nje ya ua. Alisimama nao mpaka akazijua sauti zote nne." Akaliangalia besi. "Na wewe mama, una miaka mingapi sasa?"

"Ya kutosha."

"Haya. Ya kutosha ni mizuri."

Elfriede alipanda ngazi akalishusha besi mwenyewe. Karatasi ya kuazima angeweza kuijazia kwenye meza ya chumba cha kwanza, ambako kuna kiti. Aliiweka juu ya kioo cha kabati. "Saini hapa," alisema, akasogea pembeni ili asizibe mwanga wa dirisha. Karatasi ilifunika nusu ya juu ya ukurasa. Mstari wa mwisho, wenye jina lake, ulibaki ukionekana, upana wa kiganja kutoka kalamu ilipokuwa.

"Na hiki ni kitabu gani?"

"Cha siku za kuzaliwa."

"Watu wengi."

"Wamekufa, au wako Australia."

Zwelakhe alitikisa kichwa, akasaini, akalikumbatia besi akaondoka nalo.

Tarehe kumi na moja Elfriede alioka keki ya sinia zima, ya siagi na sukari, ili iwepo. Kesho yake aliamka saa kumi na moja, akachana nywele, akarudi kitandani. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Saa kumi na mbili na dakika kumi lilipita lori la maziwa. Alilala hivyo mpaka saa mbili kasorobo.

Mpwa wake alipiga simu kutoka Perth. "Shangazi, mnasherehekea?"

"Keki ipo," alisema.

Jumamosi walikuja mume na mke kutoka Durban, wakapewa vipande vitatu kila mmoja. Katika kitabu cha wageni waliisifu keki. Matarumbeta hawakuyataja.

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa aliamka tena saa kumi na moja. Saa kumi na mbili sauti ilivuka mto. Alisimama dirishani na gauni la kulalia. Walikuwa wapigaji wengi, kumi na tano labda, na besi lilichelewa kidogo kila lilipofika kwenye kitufe cha tatu. Alihesabu wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha vigelegele: mlango umefunguliwa.

Alivaa, akaenda kufungua makumbusho, ingawa haikuwa siku yake. Akakitoa kitabu kwenye kabati bila glavu, akashika kalamu, na hapo akatambua kwamba halijui jina. Miaka themanini ng'ambo ya mto uleule, na kwake alikuwa mama yake Zwelakhe tu. Akampigia simu.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Leo ndiyo unauliza?" Nyuma yake watu walikuwa wakicheka. "Thokozile. Kwani vipi, besi lina tatizo?"

"Kitufe cha tatu. Kitie mafuta ya cherehani, si ya trekta."

"Njoo basi, mama. Nyama ipo, chai bado moto."

"Siku nyingine."

Akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, chini kabisa ya ukurasa: Mchunu, Thokozile, tarehe 19, 1946. Themanini. Akaweka alama ya vema. Mstari ulio juu yake aliuacha kama ulivyokuwa.