Njia ya Moyale Inaanzia Mukumu

Kabla ya mjukuu huyu kuzaliwa, safari yangu ndefu ilikuwa ya kutoka jikoni hadi kwenye cherehani barazani, na hata hiyo niliikatiza mara nyingi kwa sababu kuna kiti kizuri hapo katikati. Watu wa Amalemba, mtaa wetu hapa Kakamega, wananijua. Anayenitaka hapigi simu kuuliza niko wapi. Anakohoa langoni na mimi naitika. Nimeshona sare za watoto ambao sasa wako nchi nisizoweza hata kuzitamka, mimi nikabaki hapa na sindano mdomoni. Mara moja nilienda Nairobi kwa arusi, nikaahidi kukaa juma zima. Kesho yake nilikuwa stendi ya mabasi natafuta gari la kurudi. Mto walionipa ulinuka vichwa vya watu wengine.

Kwa hiyo niliposema naenda Moyale, nyumba nzima ilicheka kabla sijamaliza sentensi.

Binti yetu wa pili ndiye aliyeko huko. Alipelekwa kufundisha Marsabit, huko akapatana na fundi wa magari, wakaoana katika ofisi ya serikali na kututumia picha. Mume ni mtu wa Moyale, lakini ile Moyale ya upande wa Ethiopia, maana mji huo una jina moja na nchi mbili. Mpaka umepita katikati yake kama mgao wa nyama. Ng'ombe wa mahari hakuja. Alisemwa atakuja, na sisi tukaendelea kuishi.

Halafu binti akajifungua. Nilipompigia alikuwa anaongea polepole, mtoto akilia kando.

"Mama, wanawake wa huku ni wazuri. Kila siku anakuja mmoja na maziwa. Lakini wananiuliza, wewe huna kwenu?"

"Ukawajibu nini?"

"Nimewaambia kwetu ni mbali."

Hapo ndipo nilipoudhika. Si kwa wale wanawake. Walikuwa wameuliza swali zuri. Niliudhika na lile neno. Kwetu kuna nyumba, kuna kuku, kuna mama mzima mwenye meno yote, halafu mtoto wangu anakaa kitandani mwa uzazi akiitetea nyumba hiyo kwa neno "mbali".

"Waambie mama anakuja," nikamwambia.

Akacheka kidogo, ule mcheko wa mtu asiyetaka kukuvunja moyo. "Mama, wewe?"

Mume wangu alikuwa mezani anamega ugali. Aliacha tonge hewani.

"Mama watoto, unajua Moyale iko wapi?"

"Iko kwa mtoto wangu."

"Kisumu huendangi, unasema kuna joto. Huko ni jangwa! Mawe meusi na upepo, hata kunguru hubeba maji yake."

"Basi nitabeba yangu."

"Na utalala wapi? Kwa mto wa nani?"

"Nitabeba mto pia."

Alicheka mpaka akakohoa. Magoti yake hayamruhusu kukaa garini siku mbili, na hilo yeye alilihesabu kama bahati.

Nilianza kupanga siku hiyohiyo. Dereva wa lori tunayepakana naye ua aliniandikia njia nyuma ya kalenda: Chavakali, Kapsabet, Eldoret, Nakuru, Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, Marsabit. Baada ya Marsabit akachora mstari mrefu usio na kitu pembeni. "Hapa, mama, ni Dida Galgalu," alisema. "Lami ni safi, lakini usitafute mti. Kama unataka kwenda msalani, amua Marsabit." Nilimwomba aongeze hata kichaka kimoja kwenye mchoro, akakataa. Ni mtu mwaminifu sana.

Nikapima unga wa mahindi, maana sikuwa na hakika kama huko wanajua obusuma, ugali wetu. Nikakausha kunde. Nikaona nibebe kuku, nikakumbushwa kuwa kuku wa Kakamega akivushwa jangwa lile atafika ameiva. Nikajaza madebe ya maji, nikajaribu kuyainua, nikayapunguza. Pasi ya kusafiria niliipata. Katika picha yake ninafanana na mtu anayerudishwa kwao kwa nguvu.

Lililobaki ni gari, na hapo ndipo mila ilipotuketisha chini.

Binti yetu wa kwanza ameolewa Shinyalu, na mume wake ana gari dogo la kubebea mahindi, na Jumamosi zingine, maarusi. Mwenyewe alijitolea kuniendesha mpaka mwisho wa lami. Ni kijana mwema. Tatizo ni kwamba ni mkwe wangu. Kwetu, mama mkwe na mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawaangaliani usoni. Tangu amwoe binti yangu, mimi namjua kwa mgongo na viatu. Akija, mimi naingia jikoni. Nikienda kwao, yeye anakumbuka ng'ombe wa kufungua. Tunaheshimiana hivyo, kwa kukimbiana. Sasa ungetuwekaje kwenye kisanduku kimoja cha bati kutoka Kakamega hadi Ethiopia?

Yeye ndiye aliyepata jibu. Akatundika shuka nyuma ya viti vya mbele, akaifunga kwa kamba huku na huku, ikawa kama pazia la kanisa. Mbele akae yeye na mke wake, nyuma nikae mimi na mto wangu. Na kwa sababu sisi si watu wa kurukia mambo, tukakubaliana tujaribu kwanza kwa safari fupi, mpaka Mukumu na kurudi. Mukumu iko kwenye njia ileile. Nilihesabu kwamba nikifika Mukumu salama, Moyale itakuwa Mukumu nyingine tu, iliyorefushwa.

Tulienda Jumapili. Kwa kweli mwanzo ulikuwa mzuri.

"Mwambie mama, kama upepo ni mwingi nifunge dirisha," alisema mkwe.

"Mama, anasema kama upepo ni mwingi afunge dirisha," alisema binti yangu, ambaye alikuwa ameketi mbele akipitisha maneno baina yetu kama mkalimani wa mahakama.

"Mwambie mwenye gari upepo ni mzuri."

"Anasema ni mzuri."

"Nimesikia," alisema mkwe, halafu akaona aibu kwa kusikia.

Tulipofika karibu na misheni, watu walikuwa wanatoka misa. Ilibidi tugeuze gari. Mkwe akaanza kurudi nyuma, na ndipo tulipogundua kwamba mtu aliyejitundikia shuka mgongoni haoni yaliyo nyuma yake. Akamwambia mke wake amwangalizie. Binti yangu akaivuta shuka kidogo, na kamba zote mbili zikakubali kwa pamoja. Shuka ikaanguka. Kwenye kile kioo kidogo cha juu, baada ya miaka yote ile, mimi na mkwe wangu tukatazamana macho kwa macho.

Mtu mwingine yeyote duniani angeshika usukani. Mkwe wangu ni kijana aliyelelewa vizuri: alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nikajifunika kwa mto.

"Breki!" binti yangu alipiga kelele. "Nyinyi watu, breki!"

Gari lilishuka mtaroni taratibu, kwa adabu, likiangalia mbinguni.

Mama mmoja mwenye sinia la ndizi alichungulia dirishani. "Kwani dereva ameshikwa na nini?"

"Ni mkwe wangu," nilisema nikiwa bado ndani ya mto.

"Aaa," alisema, na nikasikia akiwageuzia wengine. "Ni mama mkwe wake." Umati wote ukaelewa. Wanaume wawili watatu wakatazama pembeni kwa heshima, na mzee mmoja akatupa pole kama tumefiwa.

Mvua ilikuwa imenyesha, mtaro ulikuwa tope. Binti yangu akashika usukani, na wasukumaji hawakutosha. Nilingoja nione kama kutatokea mwanamume mwingine. Hakutokea. Nikavua viatu, nikashika kona ya kushoto; mkwe alikuwa ameshika ya kulia. Kila mmoja alikuwa akiangalia upande wake, gari likiyumba, na katika kuyumba huko bega lake likanigonga.

"Pole, mama," alisema. Kwangu. Bila mkalimani.

Nilimfikiria binti yangu mwingine kule, akisema mbali, mbali.

"Pole haitoi gari," nikamwambia. "Sukuma."

Likatoka. Tulirudi Amalemba bila shuka, yeye akitazama mbele na mimi nikitazama mashamba, na hakuna radi iliyotupiga.

Radi ilikuja kwa miguu. Kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo katika mambo ya ndoa, alikuwa amesikia habari za mtaroni kabla tope halijakauka. Alikuja na fimbo yake, akavua viatu mlangoni, akaketi, akakataa chai, na chai ikikataliwa kwetu ujue mambo ni mazito.

"Mulamwa," aliniambia, ndivyo tunavyoitana mashemeji. "Nasikia unasukumana na wakwe barabarani."

"Nilisukuma gari."

"Sikuja kwa sababu ya gari. Nimekuja kwa sababu ya hiyo Moyale. Mama haendangi kwa mkwe ambaye hajaleta kitu. Ng'ombe hajakuja. Ngamia hajakuja. Hata mkia wa mbuzi! Wewe ukijipeleka huko, ukalala chini ya paa lake, ukala chakula chake, umesema nini? Umesema binti yetu ni wa bure."

"Ngamia tungemfunga wapi hapa Amalemba?" aliuliza mume wangu.

"Wewe nyamaza kwanza. Au sema. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Mume wangu alikuna goti. "Kaka, huyu mwanamke nimeishi naye miaka mingi nikimbembeleza twende hata Kisumu tukaone ziwa. Akikataa, amekataa. Leo ameamka anataka jangwa. Hiyo ni mvua, mimi siwezi kuizuia. Mimi nimeuliza tu nani atanipikia, na jibu sijapewa."

Shemeji hakucheka. Na haki yake nampa: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewaona wasichana wa ukoo wetu wakirudishwa nyumbani na virago kwa sababu hakuna mtu aliyewasimamia, na alijua njia moja tu ya kumsimamia mtu, nayo ina pembe mbili na mkia.

"Shemeji," nikamwambia, "mtoto anaulizwa kama ana kwao. Nani amjibu? Ng'ombe?"

"Ng'ombe ndiye jibu, mulamwa. Wakileta, utaenda kwa heshima, na akina mama wote, na nyimbo."

"Na wasipoleta mwaka huu? Yule mtoto atakuwa anatembea. Atakuwa amejifunza kusema kwa mama yake ni mbali."

"Mila ni mila."

"Sawa. Niambie vizuri hiyo mila, kwa sababu mimi niliishia kidato cha nne, sikufika mahali wanapofundisha zile kubwa. Inasema nisilale kwake?"

"Usilale."

"Nitalala chumba cha kukodi, Moyale ya Kenya. Inasema nisile kwake?"

"Usile."

"Unga wangu uko pale kwenye mfuko. Inasema nisiingie nyumbani kwake?"

"Usivuke kizingiti!"

"Mpaka wa nchi nitavuka. Kizingiti sitavuka. Nitaketi uani, waniletee mtoto nje, nimbebe, nimwimbie, wale wanawake wote wapite na maziwa yao wanione nimekaa pale. Jioni narudi Kenya. Asubuhi nakuja tena."

Shemeji aliinua fimbo kama mtu atakayesema neno, akaishusha. Alikuwa akitafuta mahali mila ilipotaja ua.

"Watakucheka," alisema hatimaye. "Mgeni anayekaa nje kama mtu anayedai."

"Wacha wacheke. Mimi nimeanguka mtaroni Mukumu mbele ya misa nzima."

Sikumngoja ajibu. Nilichukua simu, nikaweka sauti kubwa, nikampigia binti yangu palepale mbele yao. Nilimweleza yote: nitakuja, nitalala ng'ambo, sitavuka mlango wake, asijisikie vibaya, ndivyo tulivyo. Nikamsikia akiongea na mtu kwa lugha ya huko, na sauti ya mwanamke mzee ikimjibu kwa maneno machache, kavu kidogo.

"Huyo ni nani?"

"Ni mama yake. Mama mkwe wangu. Nimemwambia unakuja lakini hutaingia ndani."

"Amekasirika?"

"Hapana." Nilisikia pumzi yake. "Amesema: 'Mwambie aje. Kama yeye haingii, basi mimi natoka nje niketi naye.'"

Nilikata simu kwa sababu nilihisi nitaanza kulia, na sikutaka shemeji aone akaniandikia kushindwa. Alikuwa ameshasimama, yuko mlangoni, anatafuta kiatu kwa mguu bila kuangalia chini.

"Kwa hiyo," alisema, "nyinyi wanawake wawili wazima mtakaa juani huko jangwani, mkiangaliana."

"Hatutaangaliana, shemeji," nikamwambia. "Tutakuwa tunamwangalia mtoto."