Bunduki Juu ya Meko

Kila asubuhi, hata kabla ya kuvua koti lenye theluji, mzee hupanda kigoda na kuishusha bunduki iliyotundikwa juu ya meko. Kila jioni meneja huirudisha. Asumpta, anayekata tiketi mlangoni, ameyaona haya majira yote ya baridi. Nyumba hii ya mbao, pembezoni mwa Toronto, sasa ni makumbusho; zamani ilikuwa ya mlowezi wa Kikwekeri, dhehebu lisiloshika silaha. Mzee anayewatembeza wageni naye ni Mkwekeri, mtu wa Kaimosi, Kenya. "Mwenye nyumba hakuwa na bunduki," humwambia meneja kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani. "Wageni wanaipenda," hujibiwa. Basi huifungia stoo, akarudi akijifuta viganja kwenye suruali, kama aliyetoka kupaa samaki.

"Utafukuzwa, mzee wangu," Asumpta humwonya.

"Dada, nitamsingizia marehemu?"

Juzi mgeni aliuliza: huko porini, mlowezi alijilinda na nini? Mzee alifungua mlango, baridi ikaingia hadi mezani. "Akisikia hatua za watu, alifungua hivi. Kisha akaongeza sahani."

Leo mzee anaumwa. Meneja ameapa kwamba atakayeishusha tena hana kazi. Asumpta, Mkatoliki wa Bukoba, aliitazama bunduki kwa muda, kisha akavuta kigoda. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Aliifungia stoo, akajifuta viganja kwenye sketi, akaenda kuwafungulia wageni mlango.