Kadi ya Sauti ya Mwalimu Johana

Kadi ile nilikubali inunuliwe nikijua wazi haitasaidia kitu. Nasema mapema ili mtu asinitafutie sababu. Chelimo wa kwaya ameshasema kanisani ati mimi nilinyamaza sana, na ni kweli nilinyamaza. Lakini wewe ungemwambiaje mwalimu wa kwaya kwamba kilichoharibika si kompyuta, ni masikio yake?

Mume wangu ni Mwalimu Johana, wa hapa Boito. Ualimu wenyewe si wa shule. Kazi yake ilikuwa ukarani wa kiwanda cha majani chai, lakini kwaya ya kanisa letu ameifundisha miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu anayemwita karani. Nyimbo alitunga mwenyewe, sauti zote nne, akiandika kwa penseli nyuma ya karatasi kuukuu za kiwanda. Mtu akiimba vibaya mstari wa tatu kutoka nyuma, yeye anamjua kwa jina bila kuinua macho.

Sasa, kama hujaishi na Wakipsigis, watu wa mume wangu, wacha nikuambie. Kwao B na P hazijuani vizuri, wala G na K. Basi ni pasi, pole ni bole, na gari ni kari. Mwalimu alisomea mbali, huko akachekwa mpaka akajifunza kuzitenganisha, na aliporudi nyumbani akaifanya hiyo kuwa vita yake. Kwaya ikiimba "Papa yetu," anapiga meza. "Papa ni samaki! Mnamwomba samaki? Ba! Ba! Baba!" Wamama wanacheka mpaka vitambaa vinaanguka, halafu wanaimba tena, "Papa yetu."

Na nyumbani alinigeukia mimi. Mimi ni Mkikuyu, binti wa muuza vitambaa wa Kericho town, na R na L zangu pia zina mambo yake. "Mama Lynn," ananiambia, "hebu sema lori limeleta rula." Nikisema tu, anaanguka kwa kiti kwa kicheko. Mimi namwambia akae na Papa yake huko. Tulilea binti yetu Lynn hivyo, tukichekana, na nilikuwa namkasirikia, lakini haki ya Mungu nilipenda kwamba kuna mtu ananisikiliza hivyo, herufi kwa herufi.

Halafu mwaka wa tisini na sita akashikwa na TB. Alikohoa mpaka akabaki mifupa. Akaandikiwa sindano, kila asubuhi kwa miezi miwili, na nilimpeleka mwenyewe, tukienda polepole kando ya majani chai, tukipumzika kila kona. Kifua kikapona. Tulichinja kondoo, tukaita kwaya, tukamshukuru Mungu. Lakini hata kabla ya sindano kuisha alikuwa ameanza kusema kuna nyenje zinalia ndani ya kichwa chake. Nikamwambia ni udhaifu, kunywa maziwa yenu ya mursik, itaisha. Haikuisha.

Kompyuta ilikuja mwaka wa tisini na nane, mvua ya El Nino ikielekea kuisha. Mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuwa Kabianga alikuwa anarudi kwao, na kwa vile Mwalimu alikuwa amemfundisha nyimbo zetu, akamwachia. Umeme tulikuwa nao kwa sababu laini ya kiwanda inapita nyuma ya choo chetu. Ndani ya mashine hiyo kulikuwa na programu ya muziki: unaweka noti kwa mistari, unabonyeza, na inakupigia sauti zote nne kwa pamoja. Siku ya kwanza Mwalimu alilia. Mtu ametunga nyimbo miaka yote hiyo akizisikia kichwani peke yake!

Wiki ya pili akaanza kulalamika. "Hii mashine inameza sauti ya kwanza. Besi nasikia, ya tatu nasikia kidogo. Ile ya juu inaenda wapi?"

Mimi nilikuwa mlangoni nachagua maharagwe. Sauti ya kwanza nilikuwa naisikia. Ilikuwa nyembamba, imekwaruzika, lakini ilikuwepo. Nikamwambia, "Ni spika ndogo hizo, Baba Lynn." Huo ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulitoka kirahisi sana.

Jumamosi moja ya Agosti nilienda mazoezini kanisani kuwapelekea chai. Walikuwa wanajifunza wimbo mpya wa mkutano wa makwaya utakaofanyika Kericho Desemba. Kiitikio kilikuwa, "Baba, pokea mavuno yetu." Chelimo, yule anayeongoza sauti ya kwanza, mwanamke mwenye kifua cha kuita ng'ombe mlima mpaka mlima, alikuwa amewachukua wenzake kando wiki nzima akiwafundisha hiyo B. Walitaka kumshangaza Mwalimu. Wakaimba. Na nakwambia, walisema Baba. Wote! Hata wazee wa besi. Mimi mwenyewe nilisimama na birika nikatabasamu.

Mwalimu akapiga meza. "Papa! Tena mmesema Papa!"

Wakaangaliana. Wakarudia. "Papa!" akasema. Wakarudia tena, na tena, na jasho likawa linawatoka.

Chelimo akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, sisi tumesema Baba."

"Unanifundisha mimi?"

Chelimo alinitazama mimi, na mimi nikainama nikaanza kumimina chai.

Nilipofika nyumbani nilienda moja kwa moja kwa kioo cha chumbani. Nikasema, Baba. Nikasema, Papa. Nikarudia bila kutoa sauti, nikiangalia midomo. Ni kitu kimoja! Midomo inafunga, inafunguka, huwezi kutofautisha. Ndipo nikaelewa kwamba mume wangu alikuwa hasikii tena maneno yetu. Alikuwa anayasoma midomoni, na pale midomo isipomwambia kitu, alikuwa anajazia yale aliyozoea kusikia. Niliketi kitandani nikalia na aproni yangu mdomoni.

Jumatatu niliaga ati naenda sokoni, nikaenda kumwona daktari. Nilieleza zile sindano, zile nyenje, ile B. Alikuwa kijana mpole. Aliniambia kuna watu sindano hiyo huwaulia mishipa ya masikio, sauti nyembamba ndizo huenda kwanza, zingine zinafuata, na mshipa ukishakufa umekufa. "Mlete tumpime, mama," akasema, "lakini sitaki kukudanganya." Nikamwuliza kama kuna dawa. Akatingisha kichwa. Nikanunua sukuma wiki njiani ili nionekane nimetoka sokoni.

Mwalimu naye alikuwa amepata daktari wake. Alikuwa ameita fundi Morris kutoka Kericho, anayetengeneza redio na hizo kompyuta. Morris alifungua sanduku, akachungulia na tochi, akasema, "Mwalimu, hii sauti yake ni ya kuzaliwa nayo. Imejengwa ndani, pamoja na ule ubao mkubwa. Ni ya kukusaidia tu kusikia mashine ikilia ukikosea. Kwa muziki, unataka kadi ya sauti. Nafasi ya kuchomeka iko, hii hapa."

Ungeona uso wa mume wangu. Kwa mwezi mzima sikuwa nimeuona ukiwa na mwanga vile. "Umesikia, Mama Lynn? Ya kuzaliwa! Ndiyo maana! Nimefundisha hawa watu na mashine mbovu, imeharibu masikio ya kila mtu, hata yangu."

Pesa za bonasi ya majani chai tulikuwa tumeziweka za mabati ya jikoni. Jikoni kulikuwa kunavuja tangu El Nino, na nilikuwa napika nikihamisha sufuria huku na huku. Kwa hivyo tulijadiliana siku tatu. Yaani, yeye alijadili. Kadi ni ya maisha, mabati yanangoja. Desemba ni karibu. Kwaya nzima itafaidika. Alikuwa anatembea sebuleni akinihesabia faida kwa vidole, nami nikisema "mm," "mm."

Siku ya tatu, mchana, akaacha kutembea. Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana, macho yake midomoni mwangu.

"Priscillah," akasema. Jina hilo halitumii. "Wewe uko na masikio mazuri. Niambie ukweli. Ni mashine, au ni mimi?"

Alikuwa ameniuliza. Hakuna mtu atakayenitetea hapo, nilikuwa nimeulizwa swali wazi, na jibu nilikuwa nimelitoa kwa daktari na kulibeba nyumbani chini ya sukuma. Nilitazama yale macho. Yalikuwa yananiomba, na si ukweli yaliyokuwa yanaomba.

"Ni mashine," nikasema, nikifungua mdomo vizuri ili asome. "Nunua kadi."

Akanishika mikono yote miwili akacheka. Ngai, nilivyojichukia.

Morris alileta kadi Alhamisi asubuhi. Mwalimu alikuwa amemwita na Chelimo, kwa sababu alitaka mtu wa sauti ya kwanza awe shahidi. Alikuwa amevaa koti la Jumapili. Chelimo alikaa pembeni kabisa ya kochi, amefunga mikono, bado ana ile hasira ya kanisani. Mlangoni kulikuwa na kuku wangu mwenye vifaranga, kama kawaida yake, akidonoa makapi.

Morris akachomeka, akafunga sanduku, akawasha. Mambo yakawaka kwa kioo cha kompyuta. Akamwonyesha Mwalimu pa kubonyeza, halafu akapiga magoti nyuma ya meza kutafuta kitu kati ya nyaya.

Mwalimu akabonyeza. Wimbo ukaanza kutembea kwa kioo, ule mstari mdogo ukipita juu ya noti moja moja. Mwalimu akainua mkono wa kulia. Akaanza kuongoza. Kichwa kikaenda huku na huku, macho yakafunga nusu, kidole kikaita sauti ya kwanza iingie.

"Eee!" akasema. "Sasa hiyo! Hiyo ndiyo sauti! Mnasikia ile ya juu? Safi kabisa! Chelimo, hiyo ndiyo wewe!"

Na nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na wimbo. Morris alikuwa amesahau kuhamisha waya wa spika kutoka kwa tundu la zamani, na hata sasa alikuwa ameushika mkononi kule chini. Nilikuwa nasikia kuku akidonoa. Nilikuwa nasikia kitambaa cha koti la mume wangu mkono ukipanda na kushuka. Chelimo alikuwa ameachama. Morris alitoa kichwa nyuma ya meza, akamwangalia Mwalimu, akaniangalia mimi, nikamfanyia ishara kwa mkono, acha, usifanye kitu. Lakini yule mtu alishtuka, na akiwa ameshtuka akachomeka waya.

Sauti ikalipuka. Morris alikuwa ameifungulia mpaka mwisho. Chelimo akaruka, mimi nikashika masikio, kuku akapiga kelele akatoka mbio na vifaranga wake wakitawanyika uani.

Mwalimu aliona kuku akikimbia. Nafikiri na ile besi ilimfikia, maana mkono wake ulisimama hewani. Akatuangalia mmoja mmoja. Morris akazima.

"Ilikuwa imenyamaza?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Akashusha mkono. Akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya kiti, polepole. "Na juzi nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Ni zile sindano, Baba Lynn. Nilienda kuuliza. Hakuna dawa." Nilisema maneno hayo mbele ya fundi na mbele ya Chelimo, kwa mdomo mpana kama mtu anayeongea na mtoto, na sikuwa na namna ya kuyasema kwa sauti ya chini, maana sauti ya chini yeye hana tena.

Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Alimgeukia Morris akasema kwa adabu, "Toa kadi, ndugu yangu. Tafuta mtu itamfaa." Akagusa sikio lake. "Hii yangu pia ni ya kuzaliwa. Lakini haina pa kuchomeka."

Basi Chelimo akainuka kutoka kwa kochi. Hasira yote ilikuwa imemtoka, machozi yanashuka wala hafuti. Akaenda akamshika Mwalimu mkono kwa mikono yake miwili.

"Bole sana, Mwalimu," akasema. "Bole sana."

Bole. Miaka ishirini na miwili neno hilo halijapita mbele ya mume wangu likabaki salama. Nilimwangalia. Nilingoja. Moyoni nilikuwa nasema, piga meza, Johana, tafadhali piga meza.

Alikuwa anaangalia midomo ya Chelimo kwa makini sana.

"Asante," akamwambia. "Leo umesema vizuri."