Honi Mbili Juu ya Paa la Baa

Ndugu yangu mkubwa alikwenda Nairobi kutafuta kipuri cha mashine ya kusaga mahindi, akarudi bila kipuri lakini na neno jipya: karioki. Alitueleza mimi na wateja watatu waliokuwa wamekaa kwenye baa yetu pale Kiptere kwamba huko mjini mtu hununua bia yake, kisha hupewa maiki akaimba mwenyewe, na wenzake humpigia makofi hata kama ameimba vibaya. Mzee mmoja, mteja wetu wa kila siku ambaye alikuwa amestaafu kiwandani na sasa alifuga ng'ombe wa maziwa, aliuliza ni nani anayelipwa hapo. Ndugu yangu akasema hakuna. Mzee alifikiri kidogo, akasema basi huo ni ugonjwa, lakini kama unakuja huku, afadhali utukute tumejitayarisha.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baa ilikuwa yetu sisi wawili, chumba kimoja chenye meza sita, jirani na kituo cha kuuzia majani chai. Nyumba ya mama yetu ilikuwa chini kwenye mteremko, na ng'ambo ya bonde lilisimama kanisa ambako yeye alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Mama hakuwahi kukanyaga baa yetu. Hakutulaani, wala hakutuuliza habari zake. Alituombea, na katika maombi alituita "wale wawili."

Pamoja na lile neno, ndugu yangu alileta kaseti ya muziki uliotolewa sauti ya mwimbaji. Tuliiweka kwenye redio yetu ndogo ili wateja waonje. Gitaa lilianza, ngoma ikaingia, kinanda kikafuata, na watu wote wakakaa kimya wakingoja. Wimbo ukaisha. Mteja mmoja akasema huyo mwimbaji amechelewa. Mzee akapendekeza turudishe mwanzo, labda safari hii atafika. Tulirudisha mara tatu kabla hawajakubali kwamba mwimbaji hatakuja, na kwamba ni wao wanaongojwa.

Redio yetu haikuwa na mahali pa kuchomeka maiki. Ikabidi twende Kericho kununua vyombo. Ndugu yangu alisema jambo kama hilo haliwezi kuamuliwa na watu wawili tu, kwa hiyo wateja wakamchagua mzee awe mwakilishi wao. Alikuja asubuhi hiyo amevaa koti la kwendea harusi, na ndani ya mfuko alikuwa na barua niliyomwandikia mimi mwenyewe ya kumtambulisha kwa mwenye duka.

Mwenye duka alikuwa fundi wa kutengeneza redio, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mpole na msikivu. Alisoma ile barua mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka chini ya bisibisi zake. Kisha akatuonyesha aina mbili za spika. Za kwanza zilikuwa za boksi, mbao nene zilizofunikwa kwa kitambaa cheusi, kila moja ikifika kiunoni mwangu. Za pili zilikuwa honi, zile tarumbeta za chuma ambazo hufungwa juu ya gari la kutangaza mikutano. Amplifaya na maiki havikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye spika.

Fundi alitia kaseti yetu kwenye zile za boksi. Sauti ilitoka nzito na laini, sakafu ikatetemeka kidogo. Mimi niliamua papo hapo. Lakini mzee alitikisa kichwa.

"Hii inaongea na kifua chake," alisema. "Mtu wa nje atajua aje kama kuna raha ndani?"

Fundi akatia kaseti kwenye honi, na sauti ikatoka kali kama bati linalokatwa. Watu wawili waliokuwa wakipita barabarani walisimama wakatafuta gari la matangazo. Mzee akafurahi sana.

"Mzee wangu," fundi akamwambia, "hii ni ya kuita watu waje mazishini. Mtu akiimba hapa atasikika kama anagombana."

Mzee akasema maneno hayamalizi ubishi, tupime. Yeye angetembea barabarani kuelekea stendi, na fundi angepiga kila spika kwa zamu, kila moja kwa muda. Ile ambayo masikio yake yangeishika mbali zaidi ndiyo tungenunua. Akaondoka na koti lake la harusi, mikono nyuma, akitembea kwa kipimo kama mtu anayepima shamba.

Fundi alipiga za boksi, kisha honi. Tulingoja. Alirudia. Tulingoja tena. Mwishowe fundi akasema anasikia njaa, akazima mitambo yote, akafunga mlango nusu, tukala mandazi kwa chai huku ndugu yangu akichungulia barabarani. Mzee alirudi baada ya muda mrefu akiwa amechangamka. Alitueleza kwamba alifika stendi, akapita, akakutana na mtu waliyefanya naye kazi kiwandani, wakaingia mkahawani wakala. Spika za boksi zilipotea kabla hata hajafika stendi. Lakini honi, alisema, alizisikia barabara nzima, akazisikia mkahawani, na hata alipokuwa akinawa mikono baada ya chakula, bado zilikuwa wazi kabisa masikioni mwake.

Nilimwambia wakati huo zilikuwa zimezimwa. Mzee alinitazama kwa huruma.

Ndugu yangu akamgeukia fundi. "Kama zinasikika hata zikizimwa," alisema kwa utulivu kabisa, "hizo haziwezi kuachwa hapa."

Sikumbuki kama alikuwa anatania. Nimemuuliza mara nyingi tangu siku hiyo na kila mara hujibu tofauti. Fundi alitufungia honi mbili kwa kamba ya katani. Tulipokuwa tukitoka alinivuta kando akaniambia, dada, mkichoka nazo, msizitupe, tafuteni mtu mwenye watu walio mbali.

Ndani ya baa honi hazikuwezekana. Tulijaribu mara moja, chupa zikalia rafuni na mteja mmoja akatoka na bia yake akaenda kunywea chini ya mti wa mkakaya wa jirani. Basi ndugu yangu akapanda juu ya paa akazifunga huko, moja ikiangalia soko, nyingine ikiangalia bonde.

Jumamosi mchana tukafungua. Ndugu yangu alitangulia kuimba. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo fundi wa Kericho hangeweza kulijua. Sauti yake ilitoka juu ya paa, ikavuka bonde, ikagonga kilima cha ng'ambo, ikarudi. Aliimba mstari, akausikia ukirudi, akadhani yuko mbele ya muziki, akapunguza mwendo. Sauti ya kilimani nayo ikapunguza mwendo. Akaingoja. Ikamngoja. Kaseti ilifika mwisho ikajizima yenyewe, na ndugu yangu bado alikuwa kwenye ubeti wa pili, jasho likimtoka, akivutana na kilima.

Watu waliipenda sana karioki yetu. Tatizo ni kwamba waliipendea nyumbani. Mtu angekaa mlangoni pake na chai yake, miguu kwenye jua, akasikiliza kila kitu bila kufika kwetu. Wachumaji walichuma kwa kufuata mwendo wa ngoma. Wiki ya pili tulikuwa na wateja wanne ndani na pengine watu elfu nje, wametapakaa kwenye vilima vyote. Walituma hata ujumbe kupitia kwa waliokuja kuuza majani: yule wa jana arudie, lakini aanzie katikati, yule mwenye mafua apumzishwe. Mwanamke mmoja wa mbali alituma neno kwamba wimbo wa tatu una makosa ya maneno, na alikuwa sahihi.

Kisha wakaanza kuja wenye shida. Wa kwanza alikuwa jirani aliyepotelewa na mtamba. Aliomba atangaze tu, dakika moja. Ndugu yangu alikuwa ameumizwa na ile baa tupu, akaweka sheria: hapa hakuna tangazo, hapa ni kuimba. Asiyeimba asiguse maiki. Jirani yule alikuwa mtu wa haya, lakini mtamba ni mtamba. Tukamwekea kaseti, naye akamwimba: rangi yake, pembe yake iliyopinda, alama ya sikio, na njia aliyoonekana akipita. Kufikia jioni mtamba alikuwa amerudishwa. Tangu siku hiyo tukapata foleni. Watu waliimba vitambulisho vilivyopotea, waliimba mbegu za viazi, waliimba waume waliotakiwa nyumbani.

Siku moja akaja naibu wa chifu na kofia yake. Alikuwa na mkutano wa kutangaza, na watu wa kata yetu walikuwa wamezoea kutohudhuria. Ndugu yangu akamweleza sheria. Nilidhani tutafungiwa baa. Naibu wa chifu alivua kofia, akaiweka juu ya meza, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna wimbo wa polepole. Aliimba ajenda yote, kuanzia usafi wa vyoo hadi chanjo ya mifugo, na mwisho aliirudia chanjo mara mbili kwa sababu muziki ulikuwa bado haujaisha. Mkutano ule ulijaa kuliko wowote kabla yake. Watu walikaa mpaka mwisho wakitumaini ataimba tena, na aliposema mkutano umefungwa, walinung'unika.

Asubuhi ya Jumatatu moja niliona mama anapanda mteremko. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama nje ya kizingiti, mkoba wake kifuani. Nikatoka nimsalimie, ndugu yangu akanifuata.

"Nimekuja kwa kazi ya kanisa," alisema. "Haya si ya nyumbani."

Nikamtolea kigoda, hakukaa.

"Wageni walituletea spika. Mbili, za mbao. Mchungaji akihubiri, wa benchi la nyuma wanalala. Na huko nje hakuna anayejua kama tumeanza ama tumemaliza. Lakini nyinyi, hata nikiwa naosha vyombo najua ni nani amepoteza nini." Alitazama juu ya paa, kisha akatutazama. "Wazee wanauliza kama mnaweza kubadilishana."

Ndugu yangu aliuliza kama ni za boksi, zenye kitambaa cheusi. Mama akasema kitambaa ni cha kahawia. Ndugu yangu akageuka akatazama ukutani, na nikajua anajizuia kucheka au kulia.

Ugumu ulikuwa mahali pa kubadilishana. Wazee wa kanisa hawangeweza kuonekana wakitoka baa na mzigo, na kwetu wateja walisema kuwapelekea honi kanisani ni kama kuomba msamaha. Tukakubaliana kukutana kwenye kituo cha majani, siku ambayo hakuna mauzo. Wao walikuja sita na spika zao zimefunikwa shuka. Sisi tulikuwa mimi, ndugu yangu na mzee, tena na koti lake la harusi. Karani wa kituo alikuwa hapo akifagia. Alipoelewa tunafanya nini, akasema katika kituo chake hakuna kitu kinachotoka kwa huyu kwenda kwa yule bila kupimwa. Akatundika honi kwenye mizani, akasoma. Akatundika boksi, akasoma. Boksi zilikuwa nzito mara tatu. Wazee wa kanisa wakaanza kutazamana.

"Toa uzito wa maji," mzee wetu akamwambia karani.

Karani, kwa mazoea ya kupima majani mabichi yenye umande, akatoa. Kisha akatoa wa gunia, ingawa hapakuwa na gunia. Boksi bado zilikuwa nzito zaidi. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema kanisa halikuja kununua kilo, na kwamba kinachopimwa hapa ni sauti, na sauti ya honi hakuna asiyejua uzito wake. Mchungaji akaitikia amina. Akaweka mkono juu ya honi zetu akaziombea zisahau yote yaliyopita ndani yake. Mzee alivua kofia wakati wa maombi hayo, na baadaye aliniambia kwamba aliguswa.

Tuliziweka spika za kanisa pembeni mwa kaunta. Jumamosi ile watu walikuja, kwa sababu sasa kusikia kulihitaji kuingia. Meza sita zilijaa, wengine wakakaa juu ya kreti. Ndugu yangu akashika maiki kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake. Hapakuwa tena na kilima cha kumngoja. Sauti yake ilitoka hatua mbili kutoka alipokuwa, kavu, na kila kosa lake likiwa zima. Aliimba mistari minne akasimama.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe," mzee akamjibu. "Sisi tulikuwa tunajua."

Ndugu yangu akaniwekea maiki mkononi, akaenda kukaa karibu na amplifaya. Hakuimba tena. Alijifunza vile vitufe kimoja kimoja, na akawa na mkono mwepesi hata mwenye mafua akasikika kama mtu aliyelala vizuri. Mimi niliimba siku ile kwa sababu muziki ulikuwa unaendelea na hapakuwa na mwingine, na nikaendelea kuimba kwa miaka sita.

Nilikuwa nikimtembelea mama Jumapili alasiri. Mara moja tukiwa tunapukuchua maharagwe, mvua ikiwa imepita na udongo unanukia, aliniuliza ni nyimbo zipi tunaimba siku hizi, kwa kuwa hazimfikii tena. Nikamtajia. Akaniambia nimwimbie mmoja, polepole, mlango ukiwa umefungwa. Nikamwimbia. Nilipofika ubeti wa pili alinisimamisha, akanirekebisha maneno, kisha akaniimbia sehemu yote iliyobaki mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na maharagwe.