Pumzi ya Pili ya Baba Zawadi

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyasikia kwa masikio yangu, hapa hapa Rumonge, mchana kweupe.

Mume wangu, Baba Zawadi, huvua ndagala usiku, mchana analala. Anakoroma mpaka mabati yanalia. Lakini mimi sikuogopa kukoroma, niliogopa kunyamaza. Anakoroma, kimya, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Muganga mmoja wa hospitali ya Bujumbura akaniambia, "Mama, murekodi kwa simu akilala, nisikie pumzi zake."

Nikaacha simu kando ya kichwa chake, nikafunga mlango, nikaenda kuanika ndagala. Niliporudi nikasikiliza. Kukoroma, sawa. Kisha kimya. Na ndani ya kile kimya, niamini, mtu mwingine akavuta pumzi, nzito, yenye majimaji kifuani. Mume wangu alipoanza tena, yule akaacha. Nani alikuwa ndani?

Nikamsikilizisha mume wangu. Jasho likamtoka.

"Huyo ni Yusufu," akasema. "Alikuwa anapumua hivyo hivyo akilala mu bwato, tukienda kuvua."

Yusufu ni mdogo wake. Ziwa lilimchukua kule Gitaza, hata mwili hatukuuona.

Kesho yake nikakaa mwenyewe kitandani, macho yangu kwake. Kimya kilipokuja, baridi ikanipita shingoni, na pumzi ile ikasikika katikati yetu. Kifua cha mume wangu kikapanda, kikashuka, na puani kwake hakukutoka kitu! Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Tukamwita shehe. Akasoma, akasema kwa upole, "Yusufu, kama ni wewe, pumzika. Muache kaka yako."

Yusufu akaenda kweli. Nikarekodi tena: kukoroma, kisha kimya kitupu, kirefu mno. Muganga alipokisikia akavua miwani. "Mama, pumzi inamukatika. Siku zote hizi nani alikuwa anamusaidia kupumua?"

Nikakumbuka ile pumzi tuliyoifukuza.

Mashine ya kupumulia aliyotuandikia bado tunaitafuta. Basi akilala siondoki. Mkono wangu uko kifuani kwake, kifua kikigoma, namtikisa, "Baba Zawadi, vuta!" Ndagala sianiki tena. Mara nyingine, shehe asijue, naita polepole, "Yusufu, shemeji yangu, rudi." Haitiki.

Wewe unayenisikiliza, wako akikoroma kisha akanyamaza, mupeleke kwa muganga mapema. Na ukisikia kando yake pumzi ya mtu usiyemwona, usikimbilie kuifukuza. Uliza kwanza imekuja kufanya nini.